Mbweha aliyesingiziwa wizi: mchezo wa kompyuta wa kutuzoeza kuuliza kabla ya kushtaki



Safari hii tunawaletea makala ya namna nyingine kidogo. Ni juu ya mchezo wa kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema, ambao watu wake wote ni wanyama. Nilipoutaja mara ya kwanza mbele ya kikundi cha akina mama, mmoja wao aliniambia: "Kijana wangu, sisi tunatafuta unga, wewe unatuletea wanyama wa kuchezea?" Wengine wakacheka. Mimi nilinyamaza kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Sitasema hapa kwamba mchezo unaleta amani. Hauleti amani, na unga hauleti. Lakini kuna jambo moja ambalo semina zetu nyingi zimeshindwa kutufundisha, na mchezo huu umesaidia vikundi viwili vya vijana na wazee kulifanyia mazoezi. Jambo hilo ni kuuliza kabla ya kushtaki. Naomba mnivumilie nieleze kwa utaratibu.

Mchezo unaitwa Inherit the Earth, maana yake kwa Kiswahili ni "Rithi Dunia". Ulitengenezwa Marekani na kikundi kilichoitwa The Dreamers Guild, ukatolewa na kampuni ya New World Computing mwaka 1994. Kwa hiyo ni mchezo wa zamani. Picha zake zimechorwa kwa vidoa vikubwa vikubwa, si kama filamu. Kijana aliyezoea michezo ya siku hizi, ile ya mpira na magari, atauchekelea dakika tano za kwanza. Baadaye, kwa jinsi nilivyoona mwenyewe, anaacha kucheka kwa sababu anataka kujua mwizi ni nani.

Hadithi yake ni hii. Zamani sana walikuwepo wanadamu, kisha wakatoweka, na hakuna ajuaye walikwenda wapi. Kabla ya kutoweka waliwapa wanyama akili, lugha, na mikono ya kushikia vitu. Sasa dunia ni ya wanyama, nao wanaishi kwa makabila: mbweha, mbwa, panya, paka mwitu, nguruwe mwitu, vicheche na wengine. Kuna pia mnyama mkubwa wa nchi za baridi aliye ndugu wa kulungu, mwenye pembe za matawi. Hapa nitamwita kulungu tu ili tuelewane. Vitu vya wanadamu vimebaki kuwa magofu na vyombo ambavyo wanyama hawajui vilitengenezwaje. Kimojawapo ni tufe la ajabu liitwalo Tufe la Dhoruba, ambalo huwasaidia kujua hali ya hewa itakavyokuwa. Sisi watu wa jembe tunaelewa haraka thamani ya chombo hicho. Anayejua mvua inakuja lini anajua apande lini.

Tufe hilo linaibiwa wakati makabila yamekusanyika kwenye sherehe.

Nani ameliiba? Hapo ndipo hadithi inapotugusa, kwa sababu hakuna anayeuliza. Katika nchi za Wazungu mbweha anajulikana kama sungura wetu wa hadithi: ni mjanja, ana akili, na haaminiki. Kwenye sherehe yupo mbweha mmoja kijana, jina lake Rif. Basi, kesi imekwisha. Wanamwambia: wewe ni mbweha, mbweha ni wezi, tufe liko wapi? Anapewa nafasi ya kwenda kulitafuta ili asafishe jina lake, lakini mchumba wake, Rhene, anabaki mikononi mwao kama rehani. Rif mwenyewe haachiwi kwenda peke yake. Anafuatana na walinzi wawili wa makabila mengine: Eeah, ambaye ni kulungu, na Okk, ambaye ni nguruwe mwitu.

Anayecheza ndiye Rif. Naomba tusimame kidogo hapa. Katika hadithi ya kusimuliwa, msikilizaji anaweza kukaa upande wa wanaoshtaki, akatikisa kichwa na kusema "hawa mbweha kweli hawafai". Katika mchezo hawezi. Tangu dakika ya kwanza yeye ndiye mbweha, na anajua hakuiba, maana hakuna mahali alipobonyeza "iba". Anawasikia wengine wakimsema kana kwamba hayupo. Kijana mmoja mwenyeji wa kijiji, ambaye familia yake haijawahi kukimbia, alikasirika kabisa akasema: "Lakini mimi sijafanya kitu!" Kijana mkimbizi aliyekaa pembeni yake alimtazama tu, hakusema neno. Nimeendesha semina nyingi zenye karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi, na sijaona kimya kama kile.

Sasa jinsi unavyochezwa. Michezo ya kwanza ya aina hii ilimtaka mchezaji aandike amri kwa herufi, na akikosea herufi moja mashine haimwelewi. Mwaka 1987 Ron Gilbert na Gary Winnick, waliokuwa wakifanya kazi Lucasfilm Games huko Marekani, walitoa mchezo uitwao Maniac Mansion, ambao vitenzi vyake vimeandikwa tayari chini ya picha. Mchezaji anachagua kitenzi kwa kipanya, kisha anabonyeza kitu kwenye picha. Michezo mingi iliyofuata ilishika mtindo huo, na huu wa mbweha ni mmojawapo. (Mzee mmoja aliniuliza kama kipanya cha kompyuta kina undugu na kabila la panya la kwenye mchezo. Hakina.) Vitenzi ni vichache: tembea, tazama, okota, zungumza, fungua, funga, tumia, toa. Mtu asiyejua kusoma anavishika kwa siku moja, kwa sababu anakariri mahali kilipo kila kimoja.

Mtaona kwamba kati ya vitenzi hivyo hamna "piga". Hamna "shtaki" wala "tishia". Rif hana silaha ya kumlazimisha mtu yeyote aseme. Kazi yake ni kwenda kwa kabila hili na lile, kutazama, kuuliza, kubadilishana kitu kwa kitu. Panya ndio wenye vitabu na maarifa, na kuingia kwao si rahisi. Vicheche ni mafundi. Mbwa wana ngome na mtawala wao. Kila kabila lina heshima yake na masharti yake, na kila mmoja anajua kipande kidogo tu cha habari. Mtu akiruka kijiji kimoja kwa sababu hakipendi, mchezo unakwama. Atazunguka saa nzima bila kufika popote.

Hakuna saa inayomkimbiza mchezaji. Ukikosa jibu leo unahifadhi mlipofika na kuendelea kesho. Ron Gilbert, yule niliyemtaja, aliandika mwaka 1989 kwamba si vizuri mchezo wa hadithi umlazimishe mchezaji afe kwanza ndipo ajifunze asichopaswa kufanya. Mimi nakubaliana naye, na si kwa michezo peke yake.

Mchezo una kasoro na sitazificha. Lugha yake ni Kiingereza, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutafsiri kwa sauti, na akitafsiri vibaya kikundi kizima kinapotea. Kuna sehemu za kuzunguka msituni ambazo zinachosha mno. Siku ya pili nusu ya kikundi changu walitoka kwenda kuchota maji na sikuwalaumu. Kisha kuna suala la Rhene. Akina mama ndio walioliona kwanza. Waliuliza: huyu binti yeye ameshtakiwa kwa lipi? Kwa nini wanaume wakigombana juu ya kitu, mwanamke ndiye anayewekwa rehani? Mchezo wenyewe hauliulizi swali hilo kwa uzito, unaliacha lipite kama jambo la kawaida. Sisi hatukuliacha lipite. Tulifunga kompyuta, na mazungumzo ya jioni ile yakawa juu ya wasichana wanaotolewa kumaliza kesi za baba na kaka zao. Nadhani jioni ile ilikuwa na faida kuliko zote, ingawa hatukubonyeza hata mara moja.

Nieleze sasa kwa nini nilianza kuutumia mchezo huu. Ni habari inayoniaibisha, lakini bila hiyo makala haya yatakuwa maneno tu.

Msimu mmoja wa kupanda nilikuwa nikifuatilia ugawaji wa mbegu za maharage katika kijiji kimoja kilichopokea familia za wakimbizi. Kijiji sitakitaja. Mifuko iliwekwa kwenye depo, nusu kwa wakimbizi na nusu kwa wenyeji, kama ilivyokubaliwa katika baraza ili kusiwe na wivu. Siku ya kugawa tukahesabu. Karatasi ilisema mifuko 40. Depo ilikuwa na 38.

Kabla ya saa sita mchana jibu lilikuwa limeshapatikana: wakimbizi. Hakuna aliyesema jina la mtu. Lilitajwa kundi. Sababu zilikuja baadaye, moja baada ya nyingine, kama watu wanaotafuta kuni za kuongeza kwenye moto uliokwisha kuwaka. Nyumba zao ziko karibu na depo. Wana njaa, mwenye njaa ataacha kuiba? Kijana mmoja alionekana nje usiku. Huyo kijana alikuwa akienda chooni, lakini nani alimuuliza? Nyumba zao zikapekuliwa. Vijana watatu wakawekwa nyumbani kwa mkuu wa kijiji hadi mifuko ionekane. Familia moja yenye watoto wanne, iliyokuwa imekaa kwa mwenyeji miezi mitano bila ugomvi, ikaambiwa ihame. Ikahama siku ya tatu asubuhi, na mvua.

Siku ya nne palikuwa na kikao. Mzee mmoja, mwenyeji wa pale pale, aliomba neno. Hakumtetea mtu yeyote. Aliuliza tu: "Siku mifuko ilipofika, nani aliihesabu?"

Watu wakatazamana. Mlinzi wa depo akasema yeye alipewa ufunguo baada ya mizigo kushushwa. Wapagazi wakasema walishusha, hawakuhesabu. Karatasi ya kupokelea ikaletwa, na chini yake palikuwa na sahihi moja, nayo ilikuwa yangu. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, dereva alikuwa na haraka kwa sababu ya barabara, nikasaini 40 bila kuhesabu. Nilipiga simu mjini. Mifuko miwili ilikuwa bado kwenye ghala, nyuma ya mlango, haikupakiwa kamwe.

Vijana waliachiliwa siku hiyo hiyo. Niliomba msamaha mbele ya baraza, na watu walinisamehe kirahisi kuliko nilivyostahili. Mimi ni mtu wa shirika, nina vesti yenye alama. Ile familia yenye watoto wanne haikurudi. Nilisikia wamefika kijiji kingine, mbali kidogo. Nilikwenda kuwatafuta mara mbili nisiwapate.

Baada ya hapo nilijiuliza kwa nini mimi mwenyewe, mwenye diploma ya chuo kikuu na miaka kadhaa ya kazi hii, nilikaa siku tatu nikiandika kwenye ripoti yangu "wakimbizi wanashukiwa" bila kuuliza swali ambalo mzee yule aliliuliza kwa dakika moja. Nilikuwa nimekariri hatua zote za kutatua migogoro, lakini sikuwa na mazoea ya kuzitumia, na katika joto la jambo mtu hufuata mazoea. Ndipo nikaukumbuka mchezo huu, ambao rafiki yangu wa chuo aliwahi kuniwekea kwenye kompyuta.

Namna tunavyoufanya ni hii. Kikundi kisizidi watu 12, wakimbizi na wenyeji pamoja, wanawake na wanaume, na wazee wasiwe chini ya watatu, kwa sababu vijana peke yao hubonyeza tu. Kompyuta moja inawekwa juu ya meza, betri ikiwa imejazwa mchana kwa paneli ya jua. Mtu mmoja anashika kipanya kwa dakika kumi, kisha anampa mwingine. Haruhusiwi kubonyeza kabla ya kikundi kukubaliana. Hapo ndipo penye kazi. Watu wanabishana: twende kwa panya kwanza au kwa vicheche? Yule aliyetuambia habari ya jana, tumwamini?

Kwa habari hizo tunaweka sahani tatu mezani. Ya kwanza ni ya "nimeona", ya pili ni ya "nimesikia", ya tatu ni ya "nadhani". Kila mnyama akitupa habari, tunatupa punje ya harage kwenye sahani yake. Mnyama aliyesema aliona jambo kwa macho yake, punje inaenda ya kwanza. Aliyesema "wanasema kwamba", ya pili. Na sisi wenyewe tukianza kukisia, ya tatu. Mwisho wa jioni tunahesabu. Jioni ya kwanza ya kikundi cha pili tulikuwa na punje 19 kwenye "nimesikia", 11 kwenye "nadhani", na 4 tu kwenye "nimeona". Mkuu mmoja wa nyumba kumi alizitazama zile sahani kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba wiki ile alikuwa ameamua kesi ya mbuzi, na akijaribu kukumbuka, hana hakika kama katika kesi ile palikuwa na punje hata moja kwenye sahani ya kwanza. Sijui alifanya nini baadaye na kesi ya mbuzi. Sikumuuliza mbele za watu.

Eeah na Okk nao wanatupa la kuzungumza. Ni walinzi, lakini wanatembea safari nzima na mshtakiwa, wanaona anachokiona. Tumewauliza wazee: katika kesi zetu, je, anayeshtaki anaweza kutoa mtu wake aende pamoja na mshtakiwa kutafuta ukweli? Wengine walisema hapana, watapigana njiani. Mzee mmoja alisema wahenga walifanya hivyo mifugo ilipopotea: mtu wa upande huu na mtu wa upande ule walifuata nyayo pamoja, na wote wawili walirudi na ushahidi mmoja. Hilo limejaribiwa tena mara moja katika kijiji tunachofanya kazi, kwa jambo la mpaka wa shamba, na lilifaa. Mara moja si nyingi, lakini naiandika.

Sasa nifike kwenye hatari, nayo ni kubwa. Ndugu viongozi, msianze mchezo huu bila kusoma sehemu hii.

Siku ya kwanza kabisa kijana mmoja alimnong'oneza mwenzake: "Hawa mbweha ni wale jamaa." Akataja kabila. Mwenzake akacheka. Nikasimamisha mchezo.

Mnajua kwa nini. Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1994. Mwaka ule ule, jirani na sisi Rwanda, redio ya RTLM iliwaita watu mende na nyoka, kuanzia kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na wakati wote wa mauaji hayo. Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka wakaingia Goma, na kipindupindu kikaua maelfu kati yao. Wazee wengi wanaosoma jarida hili waliyaona hayo kwa macho. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha iliwahukumu viongozi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Na hapa Kongo pia maneno ya kuwaita watu kwa majina ya wadudu na wanyama tumeyasikia, tena si zamani.

Kwa hiyo lazima tutofautishe. Hadithi za wanyama, zile za bibi zetu na hii ya Rif, humchukua mnyama zikampa maneno, aibu, mchumba na rafiki. Zinamfanya awe kama mtu. Maneno ya chuki hufanya kinyume: humchukua mtu zikamwondolea hayo yote. Tofauti ni kubwa, lakini mtoto mwenye hasira anaweza kuivuka kwa sentensi moja. Ndiyo maana tuna sharti ambalo halina mjadala: hakuna kuuliza "sisi ni mnyama gani?" wala "wao ni mnyama gani?" Swali linaloruhusiwa ni "Rif afanye nini sasa?" Mtu akivunja sharti hilo, kompyuta inafungwa jioni ile, na muhamasishaji anazungumza naye pembeni bila kumwaibisha. Yule kijana wa siku ya kwanza alirudi. Leo ndiye anayetafsiri Kiingereza.

Wengi watauliza: sisi hatuna kompyuta, tufanyeje? Swali hili ni la kweli zaidi sasa kuliko zamani. Tangu kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, familia nyingi zimetawanyika vijijini na kwa jamaa, na vyumba vya mikutano tulivyozoea havipo tena. Tumejaribu kuufanya mchezo bila mashine, na kwa kusema kweli, wazee wanaupenda hivyo zaidi.

Tunachukua magunia matupu, tunayapasua na kuyatandika, kisha tunachora kwa mkaa. Gunia moja ni kijiji kimoja. Tunatunga kesi yetu wenyewe, isifanane na kesi yoyote iliyoko kijijini wakati huo. Kuna kitu kimepotea, tuseme ngoma ya sherehe, na kuna mnyama anayeshtakiwa kwa sababu tu ya sifa ya kabila lake. Vitenzi vinane vinaandikwa kwenye vikaratasi, au vinachorwa kwa wasiosoma: jicho kwa "tazama", mdomo kwa "zungumza", mkono kwa "toa". Watu watano au sita wanapewa kwa siri habari ya kushika, kila mmoja kipande chake, na baadhi wanapewa uvumi. Anayecheza anainua kikaratasi kimoja kwa zamu, kisha anamwendea mtu mmoja. Hawezi kufanya jambo ambalo halina kikaratasi. Bibi mmoja aliyekuwa ameshika habari ya muhimu kuliko zote alikataa kuitoa kwa sababu kijana hakumsalimu. Ilibidi mchezo usimame mpaka kijana arudi aanze upya na "shikamoo bibi". Hilo halikuwa katika mpango wetu, lakini sasa tumeliweka.

Kwa wenye mashine: mchezo ni mdogo, unaingia hata kwenye kompyuta kuukuu. Haki zake zilichukuliwa na Wyrmkeep Entertainment, kampuni ya Joe Pearce, mmoja wa waliouunda. Kuna programu ya bure iitwayo ScummVM, iliyoanzishwa mwaka 2001 na watu wa kujitolea ili michezo ya namna hii isipotee, na kwa kuitumia mchezo unachezeka kwenye kompyuta za sasa na hata kwenye simu za Android. Ukishawekwa hauhitaji intaneti. Mchezo wenyewe una wenyewe, kwa hiyo upatikane kwa njia ya halali. Hatutafundisha habari ya wizi kwa kitu kilichoibwa.

Mwizi wa tufe ni nani sitasema, na nawaomba waliomaliza wasiwaambie wenzao. Vikundi vinavyotaka sahani tatu na vikaratasi vya vitenzi vimwone muhamasishaji wa eneo lao. Vikaratasi tunavyo vya kutosha vikundi sita. Magunia na mkaa mtajitafutia, na maharage ya kuhesabia mje nayo kutoka nyumbani. Baada ya kikao kila mtu anarudi na yake. Yule mama wa unga ndiye aliyeweka sharti hilo, na yeye ndiye anayehesabu.